Je, ni roboti iliyozibua mshipa wa moyo, au ni daktari?

Swali limeletwa na mwalimu mstaafu wa Tanga. Binti yake yumo mwaka wa nne wa masomo ya udaktari, na likizo iliyopita alirudi nyumbani akisimulia habari za daktari wa India aliyemzibua mgonjwa mshipa wa moyo akiwa amekaa hekaluni, ilhali mgonjwa yuko hospitalini umbali wa kilomita 32. Tangu siku hiyo binti hataki kusikia jingine ila kuwa “daktari wa roboti ya moyo”. Mwalimu anauliza: “Nani hasa aliyeifanya kazi ile, daktari au mashine? Huyo daktari alifikaje hapo? Nami nimwambie mwanangu aifuate njia hiyo, au hayo ni mambo ya nchi za watu?”

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu maswali yako matatu yanashikana kuliko yanavyoonekana, na nikikosea kujibu la kwanza nitakuwa nimeyaharibu yote. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya moyo, na kazi yangu ya kila siku ni hiyohiyo ya kuzibua mishipa kwa waya na puto, isipokuwa mimi naifanya kwa mikono yangu, nimesimama kando ya kitanda.

Aliyefanya kazi ile ni daktari. Tena si mmoja, ni wawili, pamoja na wauguzi na mtaalamu wa mionzi, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Daktari aliyesimuliwa na binti yako ni Tejas Patel, mkuu wa Apex Heart Institute katika jiji la Ahmedabad, jimbo la Gujarat. Mwanzoni mwa Desemba 2018 aliketi mbele ya skrini na vijiti vya kuongozea katika hekalu la Akshardham mjini Gandhinagar, ambalo ni la dhehebu la Swaminarayan, wale wale wenye mahekalu Nairobi na Dar es Salaam. Wagonjwa walikuwa wamelala kule Ahmedabad kwenye chumba cha katheta (mrija mrefu laini unaopitishwa ndani ya mshipa), mmoja baada ya mwingine, jumla yao 5. Wote walizibuliwa na kuwekewa stenti (kijibomba cha kuiacha njia wazi), hakuna aliyelazimika kumaliziwa kwa mikono, na hakuna aliyepata madhara kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Taarifa ya kitaalamu waliichapisha yeye na wenzake, Sanjay Shah na Samir Pancholy, mwaka 2019.

Sasa kuna mambo mawili ambayo magazeti huyapita haraka. La kwanza ni aina ya wagonjwa. Kila mmoja alikuwa na mahali pamoja tu palipobana, tena pembamba pa aina nyepesi: pafupi, pasipo kona kali, pasipoziba kabisa. Hakuna aliyeletwa usiku akiwa na shambulio la moyo. Walipangiwa siku yao wakaja kwa miguu yao. La pili ni kwamba kabla Patel hajagusa kijiti chochote, mwenzake aliyekuwa kando ya kitanda alikwisha kutoboa mshipa wa mgonjwa, akapitisha katheta hadi kwenye mlango wa mshipa wa moyo, akaiunganisha na roboti, kisha akabaki pale pale hadi mwisho, tayari kuichukua kazi kwa mikono ikiwa mawasiliano yangekatika au mshipa ungechanika. Hayo hayaipunguzii heshima kazi ile. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kufanyika kwa binadamu kutoka umbali huo, na mtu anayefanya jambo kwa mara ya kwanza akichagua wagonjwa wepesi na kuacha daktari mwenzake kando ya kitanda, huyo ni mtu mwenye akili timamu.

Ili uelewe kilichofanywa na kila upande, nieleze kidogo kazi yenyewe. Mishipa inayoulisha moyo damu ni myembamba, mingi ina upana wa milimita 3 hivi, na mafuta yakijijenga ndani yake njia hubana. Tunaingia kupitia mshipa wa kifundo cha mkono au wa kinena, tunapandisha katheta hadi moyoni, kisha ndani ya mrija huo tunapitisha waya wenye unene wa milimita 0.36. Ncha ya waya huo ni laini kama unyasi, nasi huikunja kidogo kwa kidole kabla ya kuuingiza ili iweze kugeuka kwenye njia panda. Waya ukishapita pale palipobana, unakuwa reli: juu yake tunatelezesha puto, tunalijaza hadi njia ifunguke, tunalitoa, kisha tunapeleka stenti, ambayo ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki humo daima. Yote hayo huonekana kwa eksirei inayopiga picha mfululizo, kwa msaada wa dawa inayoifanya mishipa ionekane kwa sekunde chache kila inapopulizwa. Aliyeianza njia ya puto, Andreas Grüntzig, alimtibu mgonjwa wake wa kwanza mjini Zürich tarehe 16 Septemba 1977, na maputo yake alikuwa akiyatengeneza kwenye meza ya jikoni kwake.

Roboti aliyoitumia Patel ilitengenezwa na kampuni ya Corindus, na kwa umbo usiifikirie kama mtu wa chuma. Ni mkono mmoja uliofungwa kwenye reli ya kitanda, na mwishoni mwake kuna kaseti ya plastiki inayotumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa. Ndani ya kaseti mna vigurudumu vidogo vinavyoushika waya, puto na katheta. Daktari anakaa kwenye kibanda chenye kuta za madini ya risasi, au mahali pengine kabisa, akiwa na vijiti: kimoja cha waya, kimoja cha puto au stenti, kingine cha katheta. Akisukuma kijiti, vigurudumu vinasukuma, akizungusha, vinazungusha, na akibonyeza kwenye kioo, kifaa kinasogea milimita 1 kamili na kusimama. Mashine haiamui chochote kuhusu njia ya kufuata. Haijui mshipa ni upi wala mgonjwa ni nani. Puto hujazwa na aliye kitandani, na kaseti nayo hupakiwa na kupakuliwa naye kila kifaa kinapobadilishwa.

Niliwahi kukikalia kiti hicho siku moja, katika mafunzo nje ya nchi, nikitumia mshipa bandia wa plastiki. Nilidhani nitaizoea kwa dakika 5, maana wakati huo nilikuwa nimeshazibua mishipa kwa miaka kadhaa. Dakika ya 3 nikawa nimeupeleka waya kwenye tawi la pembeni na kuusukuma mpaka ukajikunja kama ndoano, na mkufunzi akaniuliza kwa upole kama sikuona. Nilikuwa nimeona, ila nilikuwa nangoja vidole viniambie. Kwa mkono, waya ukigusa ukuta wa mshipa unapata ukinzani mdogo mno baina ya kidole gumba na cha shahada, na kabla hujatambua umekwisha kulegeza. Kwenye kijiti hakuna kitu. Inabidi macho yachukue kazi ya vidole, yatazame ncha ya waya ikianza kupinda, na hiyo ni stadi nyingine ambayo mtu hujifunza juu ya ile ya kwanza. Sijamwona aliyejifunza hiyo akairuka ile.

Mwalimu, utauliza: kama ni hivyo, kwa nini watu walihangaika kuibuni? Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata waandishi wa afya. Wanadhani roboti ilibuniwa kwa sababu mkono wa daktari unatetemeka. Roboti hii ilibuniwa hasa ili kumwondoa daktari kwenye mionzi.

Ile eksirei inayopiga picha mfululizo humpata mgonjwa moja kwa moja, lakini miale mingine humgonga na kutawanyika, na anayesimama karibu naye kuliko wote ni daktari. Mgonjwa atapata kipimo chake mara moja, pengine mbili maishani. Daktari anasimama hapo mara kadhaa kwa siku, siku kadhaa kwa wiki, kwa miaka 25 au 30. Ndiyo maana tunavaa aproni za risasi, ambazo pamoja na kola ya shingoni na miwani huwa ni mzigo wa kilo kadhaa. Ukitaka kumjua daktari wa kathilabu, yaani kile chumba cha katheta, mtazame saa 10 jioni anapoivua aproni: anaitundika kwanza kwenye chuma chake, maana haikunjwi, ikikunjwa risasi ya ndani hupasuka, kisha anaweka mikono yote miwili kiunoni na kujinyoosha kwa nyuma huku amefumba macho. Shati la chini limelowa jasho katika umbo lile lile la aproni. Katika uchunguzi mmoja uliofanyika Marekani miaka ya 2000 miongoni mwa madaktari zaidi ya 400 wa kazi hii, asilimia 42 walisema wana matatizo ya uti wa mgongo. Mimi nimo katika fungu hilo, ingawa hakuna aliyenihesabu.

Kichwa hakina aproni. Daktari Ariel Roguin wa Haifa, Israeli, alikusanya habari za madaktari 31 wa fani zinazotumia eksirei ya namna hii waliopata uvimbe wa saratani ya ubongo na shingo. Kati ya 26 ambao upande wa uvimbe ulijulikana, 22 uvimbe wao ulikuwa upande wa kushoto. Daktari wa kathilabu husimama kuliani kwa mgonjwa, hivyo upande wake wa kushoto ndio unaoelekea chanzo cha mionzi. Kwa uangalifu wa kitaalamu niseme kwamba orodha ya wagonjwa haithibitishi kisababishi, kwa kuwa haielezi ni madaktari wangapi walifanya kazi hiyohiyo na wasiugue. Hata hivyo, tangu nilipoisoma nimekuwa nikivaa kofia ya kinga, na wenzangu wengi vilevile.

Si ajabu basi kwamba wazo la kumtoa daktari kitandani lilichipuka katika jiji hilohilo la Haifa. Rafael Beyar, daktari wa moyo na mtafiti wa chuo cha Technion, ndiye aliyeongoza kazi ya kutengeneza kifaa cha kuongoza waya kutoka mbali, na mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 18 wa kwanza. Kampuni iliyozaliwa na wazo hilo ilihamia Marekani, ikaitwa Corindus; toleo lililofuata likajaribiwa kwa wagonjwa 8 nchini Kolombia; kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 164 ulioongozwa na Giora Weisz na Joseph Carrozza, matokeo yake yakatoka 2013. Tarakimu moja ya utafiti huo ndiyo iliyotangazwa kila mahali: mionzi iliyompata daktari akiwa kibandani ilipungua kwa asilimia 95.2 ikilinganishwa na ile iliyopimwa mezani. Mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ilikuwa imekwisha kukiruhusu kifaa hicho mwaka 2012, na toleo jipya, lile alilolitumia Patel, likaruhusiwa 2016.

Zingatia kwamba asilimia hiyo 95 ni ya daktari. Mgonjwa naye faida yake ipo lakini ni ndogo zaidi: kwa kuwa mashine inasogea milimita kwa milimita, inaweza kupima urefu wa mahali palipobana vizuri kuliko jicho, na stenti iliyochaguliwa kwa kipimo sahihi haimlazimu daktari kuongeza ya pili. Mgonjwa akiniuliza kama asafiri kwenda nchi fulani kwa sababu wana roboti, namwambia aulize kwanza daktari mwenyewe huzibua wangapi kwa mwaka.

Hilo linanirudisha kwa Patel, na kwenye swali lako la pili. Ukimsoma katika habari za 2018 utadhani ni mtu wa kompyuta. Jina lake kati yetu lilijengwa kwenye kifundo cha mkono, miaka mingi kabla roboti haijafika Gujarat.

Zamani karibu kila mgonjwa aliingiliwa kinenani. Mshipa wa hapo ni mnene na rahisi kuupata, lakini ukivuja unavujia ndani, na mgonjwa hulazimika kulala chali saa nyingi bila kukunja mguu, akiomba msaada hata wa haja ndogo. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal alionesha kwamba mishipa ya moyo inaweza kuchunguzwa kupitia mshipa mwembamba wa kifundo cha mkono, ule ule muuguzi anaokushika akihesabu mapigo. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kuzibua kwa njia hiyo, kisha na kuweka stenti. Wengi waliikataa: mshipa ni mdogo, unajikaza, una kona, na daktari aliyezoea kinena huonekana tena kama mwanafunzi. Patel ni miongoni mwa walioishikilia njia hii nchini India na kuwafundisha wengine kutoka nchi nyingi, hadi ikawa ndiyo jina lake.

Nikupe mifano miwili ya kazi hiyo, kwa maana ndimo ilimo siri ya mtu yule kuliko hekaluni. Wakati mwingine katheta inapopanda mkononi hukwama: mdomo wake mgumu hukwaruza ukuta wa mshipa penye kona, mgonjwa anakunja uso kwa maumivu, na daktari wa kawaida hukata tamaa na kuhamia kinenani. Patel, Shah na Pancholy walieleza namna ya kupitisha puto dogo ndani ya katheta hadi nusu yake ichungulie nje, kisha kulijaza kidogo. Mdomo mkali unakuwa pua laini ya mviringo, nayo katheta inateleza. Nimelifanya hilo mara nyingi, na kila mara naona haya kwamba sikulifikiria mwenyewe. Mfano wa pili ni wa baada ya kazi. Tukishautoa mrija tunafunga kifundo kwa mkanda ili damu isitoke, na kwa miaka mingi tulikaza kwa nguvu tukidhani tunafanya vyema, kumbe mshipa ukikazwa kabisa damu huganda ndani na njia huziba moja kwa moja. Mwaka 2008 Pancholy, Patel na wenzao walichapisha utafiti wa wagonjwa 436 ulioonesha kwamba ukilegeza mkanda hadi damu ipite kidogo chini yake bila kuvuja nje, mishipa inayoziba baada ya saa 24 hupungua kutoka asilimia 12 hadi 5. Hakuna mashine mpya hapo wala fedha. Muuguzi anageuza kitufe cha mkanda polepole, anatazama kama kuna tone, anasimamisha.

Nchi yake ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2015, miaka mitatu kabla ya hekalu. Roboti ilimkuta mtu aliyekwisha kujua kila hila ya waya ule, na kwa hiyo aliweza kuupoteza mguso wa vidole bila kupotea. Angekuwa kijana aliyefundishwa kwa kijiti tangu mwanzo, nisingependa awe ndiye aliyekaa hekaluni siku ile, hata kwa wagonjwa wepesi.

Umbali wenyewe, nieleze kwa ufupi, si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Ryan Madder wa Grand Rapids, Michigan, amefanya majaribio mengi juu ya ucheleweshaji wa mawasiliano, yaani muda kati ya kusukuma kijiti na kusogea kwa waya. Robo sekunde daktari haioni. Ikikaribia nusu sekunde anaanza kuhisi kwamba waya unamchelewa, na kumsukumia mtu waya moyoni huku unachelewa ni sawa na kuendesha gari ambalo usukani hujibu baada ya kona. Yeye na wenzake walijaribu hata kati ya Boston na San Francisco, pwani hadi pwani, katika majaribio yasiyohusisha wagonjwa, na waya ukafika.

Sasa nisikufiche jambo, maana binti yako atalikuta mwenyewe. Mwaka 2019 Siemens Healthineers ya Ujerumani iliinunua Corindus kwa dola za Marekani bilioni 1.1. Mwaka 2023 ikatangaza kwamba inajiondoa kwenye matumizi ya roboti hiyo katika mishipa ya moyo, na kuelekeza nguvu kwenye mishipa ya ubongo, ambako Vitor Pereira wa Toronto alikuwa ameitumia kwa mara ya kwanza 2019. Sababu mtu anaweza kuzisoma katika tarakimu. Katika kumbukumbu za wagonjwa 980 waliotibiwa kwa toleo jipya, matokeo yalikuwa mazuri kwa asilimia 97.8, lakini sehemu zilizobana ambazo roboti ilizimaliza yenyewe bila kuhitaji msaada mkubwa wa mkono zilikuwa asilimia 89.8. Kwa maneno mengine, mara moja katika kila 10 daktari aliinuka kibandani, akavaa aproni na kurudi kitandani. Ongeza bei ya mtambo na kaseti inayotupwa kila mara, na muda wa kupakia na kupakua, na utaona kwa nini mhasibu wa hospitali hashawishiki kwa mgongo wa daktari peke yake. Kuna watengenezaji wengine, kama Robocath wa mjini Rouen, Ufaransa, walioruhusiwa kuuza Ulaya mwaka 2019, na wapo wa China. Kwa maoni yangu wazo halijafa. Toleo la kwanza la biashara yake ndilo lililokwama.

Kuna jambo jingine linalochanganywa, nalo nitalipita upesi. Wapasuaji wa moyo nao wana roboti yao, ile yenye mikono kadhaa inayoingia kifuani kupitia matundu kati ya mbavu. Alain Carpentier wa Paris aliitumia mwaka 1998, na Randolph Chitwood wa Greenville, North Carolina, akarekebisha valvu ya moyo kwayo mwaka 2000. Hiyo ni kazi ya upasuaji. Tena wako madaktari wa umeme wa moyo wanaoongoza katheta kwa sumaku kubwa mbili zilizowekwa kando ya kitanda, kama alivyofanya Carlo Pappone wa Milan kwa mapigo yasiyo na mpangilio. Binti akisema “roboti ya moyo”, muulize ni ipi kati ya hizo tatu. Njia za masomo zinaachana mapema, na mpasuaji hawi daktari wa katheta kwa kubadili kiti.

Je, itafika kwetu? Watu huniambia: mtaalamu akae Dar es Salaam, roboti iwekwe Kigoma na Mtwara, tatizo limekwisha. Natamani ingekuwa hivyo. Lakini rudi kwenye ile picha ya Ahmedabad. Ili Patel akae hekaluni, mwisho wa pili wa waya palihitajika mtambo kamili wa eksirei, umeme usiokatika, wauguzi waliozoea, damu ya kuongezea mgonjwa, na daktari aliyeweza kuifanya kazi yote mwenyewe. Mahali penye hayo yote hapahitaji roboti kwa haraka. Penye upungufu wa hayo, roboti haitaupunguza. Mgonjwa wa shambulio la moyo aliyeko mbali na kathilabu anasaidiwa zaidi na kipimo cha umeme wa moyo kinachofanyika ndani ya dakika 10 tangu afike, mtu wa kukisoma hata kwa picha iliyotumwa kwenye simu, na dawa ya kuyeyusha mgando iliyopo kabatini, si iliyoagizwa. Huko pia kuna tiba ya mbali, ingawa haipigwi picha na magazeti.

Wala tusijidharau. Si zamani sana mgonjwa wetu wa mshipa wa moyo alikuwa akisubiri rufaa ya India, pengine Ahmedabad hiyohiyo. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015, kazi hiyo inafanyika Dar es Salaam kila wiki, na sasa wanakuja hata wa kutoka nchi jirani. Wanaoifanya wengi wao walijifunza kwa kusimama nyuma ya mabega ya walimu wa nje na wa ndani, wakishika waya kwa zamu.

Basi binti yako. Usimkataze, Mwalimu, ila mpe hesabu. Atamaliza miaka 5 ya shahada, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, miaka 3 ya uzamili wa magonjwa ya ndani, ndipo aingie ubingwa bobezi wa moyo, na baada ya hapo kathilabu yenyewe. Ni kama miaka 10 kutoka leo, na mashine zitakazokuwepo wakati huo pengine hazijachorwa bado. Kwa hiyo asichague mtambo sasa. Katika miaka aliyobakiza chuoni, ajifunze kusoma kipimo cha umeme wa moyo mpaka akisome bila kukunja uso, na kusikiliza valvu kwa sikio kabla ya kukimbilia picha ya ultrasaundi. Akitaka kuonja, aombe ruhusa ya chuo kuja siku moja kathilabuni kama mtazamaji. Wanafunzi huja na tunawapokea. Nitampa aproni asimame nayo tangu saa 2 asubuhi hadi mgonjwa wa mwisho, na jioni nitamwachia kifundo kimoja cha mkono akilegeze mkanda chini ya uangalizi wa muuguzi, kwa subira, akitazama kama kuna tone. Akirudi Tanga na bado anaitaka kazi hii, nipigie simu tuzungumze habari za vyuo.